Braves wakiwa na majeruhi: nani apige wa kwanza, na chipukizi akae wapi?

Swali la msomaji wa Clarkston, Georgia: "Mtaalamu, habari za kazi. Mimi na wenzangu wawili ni mashabiki wa Atlanta Braves, timu ya besiboli ya ligi kuu ya Marekani. Kila nyota wetu akiumia tunagombana. Mmoja anasema chipukizi aliyepandishwa apewe namba ileile ya zamu ya kupiga ya aliyeumia ili azoee mapema. Mwingine anataka awekwe namba ya mwisho. Wa tatu anasema chipukizi waachwe ligi ndogo, tununue wakongwe. Tena, akianza vibaya, avumiliwe kwa muda gani kabla ya kurudishwa? Na akianza vizuri, si ndiyo saa ya kumuuza?"

Ndugu msomaji, mnabishana kana kwamba swali ni moja, kumbe yamo mawili. Nyota akiumia anaacha pengo uwanjani, yaani pale alipokuwa akilinda, na anaacha pengo jingine kwenye karatasi ya zamu za kupiga. Hakuna kanuni inayosema mtu mmoja ayazibe yote mawili. Chipukizi azibe la uwanjani. La kwenye karatasi lizibwe na waliokuwapo tayari, kwa kupanda ngazi, na yeye aanzie chini. Huo ndio msimamo wangu, na sababu zake ziko kwenye hesabu kuliko kwenye huruma.

Mkanganyiko mwingi unatokana na kanuni ya mchezo wenyewe. Mchezaji akiumia katikati ya mchezo, anayeingia lazima apige katika namba ya aliyetoka. Karatasi ya jioni hiyo haibadiliki. Kwa hiyo usiku wa tukio shabiki anamwona mtu wa benchi akipiga namba 1 au namba 3, na picha hiyo inamkaa kichwani. Kesho yake, hata hivyo, kocha anaandika karatasi mpya kabisa na anaweza kupanga apendavyo. Bishaneni kuhusu karatasi ya kesho.

Sasa hesabu. Mpigaji wa namba 1 hupata takriban zamu 4.6 kwa kila mchezo, wa namba 9 takriban 3.8. Kila ngazi unayoshuka hupunguza kama sehemu moja ya kumi ya zamu kwa mchezo, na kwa msimu mzima wa michezo 162 hiyo ni zamu 15 hadi 18. Tuseme nyota yuko nje kwa michezo 55, karibu miezi miwili. Kumpa mtu namba 1 badala ya namba 9 kwa muda huo ni kumwongezea zamu 45 hivi. Chukua wapigaji wawili: mmoja hufika besi (kituo cha kwanza cha kukimbilia au zaidi) kwa kiwango cha 0.370, yaani zamu 37 kwa kila 100, mwingine 0.290. Katika zamu 45, wa kwanza atafika besi mara 3 au 4 zaidi. Hiyo ni mikimbio 2 hivi (mkimbio ni pointi moja). Kwa desturi tunahesabu mikimbio 10 kuwa sawa na ushindi mmoja, kwa hiyo ugomvi wote wa namba ni sehemu ndogo ya ushindi mmoja.

Linganisha na gharama ya kumkosa mtu mwenyewe. Ronald Acuña Jr., nyota wa Braves, mwaka 2023, alipopiga homurani 41 (mpigo unaomzungusha mpigaji besi zote) na kuiba besi 73 (kukimbilia besi inayofuata bila mpira kupigwa), alikuwa na thamani ya takriban ushindi 8 kuliko mchezaji wa kawaida wa kupandishwa kutoka ligi ndogo. Mkose mchezaji wa kiwango hicho kwa michezo 55, umepoteza karibu ushindi 2.7, au mikimbio 27. Yaani nani acheze kuna uzito kama mara kumi kuliko apige namba ngapi. Namba si za kupuuzwa, kwa sababu ni kitu ambacho kocha anapata bure, lakini msiache swali kubwa kwa ajili ya dogo.

Tukirudi kwenye karatasi: mtu wa kupiga wa kwanza achaguliwe kwa kigezo gani? Kwa uwezo wa kufika besi, basi. Si mbio, si ujana, si "damu changa ya kuamsha timu." Braves wenyewe wametoa mifano miwili inayopingana. Julai 2021 Acuña alichanika kano ya ACL ya goti la kulia. Baadaye msimu huohuo kocha Brian Snitker alimpandisha Jorge Soler namba 1. Soler ni mtu mzito, si mkimbiaji, lakini anasubiri mpira mzuri na huikubali besi ya bure (mpigaji huipata mrushaji akirusha nje ya eneo la kupigia mara nne). Katika michezo 55 akiwa Atlanta alifika besi kwa 0.358 na kupiga homurani 14. Alifungua fainali dhidi ya Houston kwa homurani katika zamu ya kwanza kabisa, na mwisho wa fainali akatajwa mchezaji bora.

Mei 26, 2024, Acuña aliumia tena, safari hii goti la kushoto, huko Pittsburgh. Mara nyingi namba 1 ikaenda kwa Jarred Kelenic: kijana, mwepesi, wa mkono wa kushoto, sura kamili ya mpigaji wa kwanza kama mashabiki wanavyomwazia. Msimu ule alifika besi kwa 0.286 tu. Wakati huohuo Marcell Ozuna alikuwa akifika besi kwa 0.378, juu ya mwenzake yeyote wa kila siku. Ningempandisha Ozuna hadi namba 2 siku ileile ya Mei, na namba 1 ningewapa kwa zamu wale wanaofika besi kwa 0.325 na zaidi, hata kama hawana mbio. Kama bado mwenzenu haamini kwamba mbio si sharti, mwambieni amtazame Acuña aliporudi mwaka 2025: besi alizoiba zilikuwa 9 tu, miguu ikilindwa, lakini alifika besi kwa 0.417 na alistahili kila zamu ya namba 1 aliyopewa.

Kanuni ya jumla ninayoifuata ni hii. Wapigaji watatu bora wakae namba 1, 2 na 4. Wanaofuata kwa ubora wakae 3 na 5. Kisha shuka kwa mpangilio wa ubora. Namba 3 huja mara nyingi na auti mbili (wenzake wawili wakiwa wametolewa) na besi tupu kuliko watu wanavyodhani, ndiyo maana haistahili mtu bora kabisa. Nyota akitoka namba 1, usimhamishe kila mtu. Mwinue mmoja, sogeza wawili watatu, na chipukizi ajazie chini.

Chini wapi hasa? Namba 9 ina faida ambayo wengi hawaioni. Baada ya namba 9 anakuja namba 1, kwa hiyo kuanzia mzunguko wa pili chipukizi anayefika besi anakuwa mbele ya wapigaji bora. Michael Harris II alipandishwa kutoka Double-A (ngazi mbili chini ya ligi kuu) mwishoni mwa Mei 2022 akiwa na miaka 21, akapewa uwanja wa kati, na kwenye karatasi akaanzia namba 9 na kubaki hapo kwa sehemu kubwa ya msimu. Alimaliza na wastani wa kupiga wa 0.297 (mapigo 297 kwa kila nafasi 1,000 za kupiga, yaani zamu bila besi za bure), homurani 19 na besi 20 za kuiba, akawa chipukizi bora wa Ligi ya Taifa (moja ya nusu mbili za ligi kuu). Hakuna aliyemnyima nafasi kwa kumweka mwisho. Alicheza karibu kila siku, na kila alipopanda besi nyuma yake kulikuwa na wakubwa wa kumrudisha nyumbani.

Upande wa mkono nao uangaliwe. Tangu 2020 mrushaji anayeingia lazima akabili wapigaji 3 au amalize nusu ya iningi (kipindi ambacho kila timu hupiga mpaka wapigaji wake watatu watolewe). Chipukizi wa mkono wa kushoto akiwekwa kati ya wawili wa kulia, kocha wa upande wa pili hawezi kumletea mrushaji wa kushoto kwa zamu moja na kumtoa. Wakiwekwa wa kushoto watatu mfululizo chini ya karatasi, kuanzia iningi ya 7 utamwona mrushaji wa kushoto anakuja kuwamaliza wote kwa mkupuo. Hii ni kinga ya bure kwa kijana ambaye bado hajaona mipira mingi ya kuzunguka kutoka upande huo.

Pengo la uwanjani ndilo linalogharimu zaidi, na ndiko ugomvi wenu ulistahili kwenda. Nafasi za ulinzi zina ngazi za ugumu: mdakaji (anayekaa nyuma ya mpigaji), shotistopu (kati ya besi ya 2 na ya 3), uwanja wa kati, kisha besi ya 2 na ya 3, halafu pembe za uwanja wa nje, na chini kabisa besi ya 1. Anayeweza nafasi ngumu anaweza kushuka. Anayepanda kwenda nafasi ngumu kuliko aliyoizoea kwa kawaida anavuja. Harris alipoumia msuli wa nyuma ya paja Juni 2024, pengo lilikuwa uwanja wa kati, na Kelenic akahamia huko kutoka pembeni. Mara moja nafasi mbili zikawa zimebadilika kwa jeraha moja: katikati kuna mtu wa pembeni, pembeni kuna mtu wa benchi. Hesabuni hivyo kila jeraha linapotokea. Msiulize nani anaingia tu, ulizeni wangapi wanahama. Mpango mzuri ni ule unaohamisha wachache, hata kama anayeingia ni dhaifu kidogo kwenye kupiga.

Kwa sababu hiyo, kati ya chipukizi wawili, mmoja anayepiga vizuri na mwingine anayelinda vizuri nafasi iliyo wazi, mimi kwa wiki za mwanzo nachukua mlinzi. Glavu haina siku mbaya nyingi kama gongo. Kijana asiyepiga kitu kwa siku 5 lakini anadaka kila kinachomjia hajaiumiza timu sana akiwa namba 9. Kijana anayepiga lakini anatupa mipira nje kwenye shotistopu anawaongezea warushaji auti za kutafuta, na warushaji wakirusha mipira mingi zaidi kila usiku, majeraha yajayo yatatoka upande wao.

Vumilia kwa muda gani? Hapa ndipo mashabiki wanapoumizwa na wastani wa kupiga. Chukua kijana ambaye kiwango chake halisi ni 0.250. Mpe nafasi 50 za kupiga. Bahati peke yake inatosha kumpeleka popote kati ya 0.190 na 0.310, na hiyo ni katika theluthi mbili ya visa. Theluthi iliyobaki hutoka hata nje ya hapo. Wastani wa wiki mbili haukuambii chochote. Julai 2024 Ozzie Albies alivunjika mkono karibu na kiganja, na Nacho Alvarez Jr. akapandishwa. Michezo 8, wastani 0.100, akarudishwa. Mpigaji halali wa 0.240 anaweza kupata mapigo 3 au pungufu katika nafasi 30 mara moja kati ya 20, bila tatizo lolote. Huwezi kumhukumu kijana kwa hilo.

Lakini kuna vitu vinavyosema mapema, na hivyo ndivyo vya kutazama. Cha kwanza ni kutolewa kwa straiki (mpigaji akifikisha straiki tatu, yaani mipira mizuri aliyoikosa au kuiacha). Baada ya zamu 60 hivi, kiwango hicho huanza kuaminika. Wastani wa ligi kuu ni asilimia 22 au 23 ya zamu. Kijana akiwa asilimia 25 anakwenda vizuri. Akiwa asilimia 35 warushaji wamemjua. Cha pili ni besi za bure, ambazo zinahitaji zamu 120 hivi. Wastani ni asilimia 8. Cha tatu, ambacho huonekana hata kwa macho, ni mipira ya nje ya eneo la straiki anayoishambulia. Mpigaji wa kawaida hushambulia asilimia 28 hivi ya mipira hiyo. Cha nne ni kasi ya mpira ukitoka kwenye gongo: kuanzia kilomita 153 kwa saa unahesabiwa kuwa umepigwa kwa nguvu, na mpigaji wa kawaida hufanya hivyo kwenye mipira karibu 4 kati ya 10 anayoiweka uwanjani.

Mfano ni Drake Baldwin. Sean Murphy alivunjika ubavu kabla ya msimu wa 2025 kuanza, na Baldwin akafungua msimu kama mdakaji bila kuwahi kucheza ligi kuu. Wastani wake ulianza chini. Mipira yake ilikuwa ikitoka kwa kasi na ikiishia kwenye glavu za walinzi, wala hakuwa akitolewa ovyo kwa straiki. Mtu anayetazama vitu hivyo vinne asingekuwa na wasiwasi. Alimaliza na 0.274, homurani 19, na tuzo ya chipukizi bora wa Ligi ya Taifa.

Upande wa pili kuna Aaron Judge wa Yankees. Mwaka 2016 alipandishwa, akapata 0.179 katika michezo 27 na kutolewa kwa straiki mara 42. Zile straiki hazikudanganya: wakati ule kweli alikuwa amezidiwa. Majira ya baridi akaurekebisha mpigo wake, na 2017 akapiga homurani 52. Ndiyo maana nasema straiki zinakuonyesha kijana yuko wapi leo na kazi gani inamngoja. Hazikuambii atakuwa nani.

Kuna hatua ambayo karibu kila chipukizi huipitia, na mkiijua mtapunguza kelele. Wiki ya kwanza na ya pili warushaji humjaribu kwa mipira ya kasi ndani ya eneo, kwa sababu hawana taarifa zake za ligi kuu. Kijana anapiga, mji unamwimba. Kufikia mara ya pili anapokutana na timu zilezile, taarifa zimekusanywa: slaida (mpira unaopinda) ya chini inayokimbilia nje, kisha mpira wa kasi juu ya kifua. Wastani unaanguka. Kipimo ni wiki mbili au tatu zinazofuata: je, ameacha kuifuata ile slaida? Kama ameacha, mwacheni acheze hata kama yuko 0.210. Kama bado anaifuata baada ya zamu 100, kumrudisha ni kumsaidia, kwa sababu Triple-A (ngazi moja chini ya ligi kuu) anaweza kuambiwa "leo usipige mpira wowote wa chini" bila timu kupoteza mchezo wa muhimu.

Kwa hiyo kipimo changu: zamu 60 ni kima cha chini, yaani michezo 15 au 16 akiwa chini ya karatasi, isipokuwa anaharibu ulinzi. Nazungumzia kijana anayecheza. Chipukizi anayekaa benchi akipiga mara mbili kwa wiki hafai kuwa ligi kuu hata kidogo. Arudi akacheze kila siku, na benchi achukue mkongwe. Kwenu Atlanta jambo hili ni jepesi kuliko kwa timu nyingi, kwa kuwa Triple-A iko Gwinnett, safari ya gari isiyofika saa moja kutoka Truist Park foleni ikiruhusu. Mtu anaweza kuitwa asubuhi na kucheza jioni.

Kuitwa huko kuna masharti ya karatasi ambayo mara nyingi ndiyo sababu ya uamuzi unaowashangaza. Timu ina wachezaji 26 wa mchezo na orodha pana ya 40. Chipukizi asiye kwenye ile 40 hawezi kupandishwa mpaka mtu aondolewe. Mlango wa kawaida ni orodha ya majeruhi ya siku 60, ambayo humtoa aliyeumia kwenye hesabu ya 40. Ile fupi, siku 10 kwa wapigaji na siku 15 kwa warushaji, hufungua nafasi kwenye 26 peke yake. Ndiyo maana jeraha la kano ya goti huleta jina jipya kabisa, na jeraha la wiki mbili huleta mtu yuleyule mliyemchoka. Tena, mpigaji akirudishwa ligi ndogo lazima akae huko siku 10 kabla ya kuitwa tena, isipokuwa anachukua nafasi ya majeruhi. Na kila mchezaji ana misimu 3 tu ambayo timu inaweza kumpandisha na kumshusha hivyo. Msimu unahesabiwa akizidisha siku 19 huko chini. Ukimwita kijana mapema na kumrudisha, umeanza kuitumia akiba hiyo.

Sasa mwenzenu wa tatu, anayetaka wakongwe. Hakosei kama anavyoshambuliwa. Mwaka 2021 Braves walianza msimu na Cristian Pache, chipukizi mwenye glavu nzuri sana, katika uwanja wa kati. Alipata mapigo 7 katika nafasi 63, wastani 0.111, akarudishwa. Acuña alipoumia hawakuwarundikia vijana mzigo. Ndani ya wiki tatu meneja mkuu Alex Anthopoulos aliwaleta Joc Pederson, Adam Duvall, Eddie Rosario na Soler, wote wa uwanja wa nje, bila kutoa hata mmoja wa vijana wao bora. Timu iliyokuwa haijafika nusu ya ushindi hadi mapumziko ya Julai ilimaliza na ushindi 88 na kuchukua ubingwa.

Bei ndiyo siri ya mpango ule. Mkongwe aliyeachwa na timu yake huwa na mkataba ambao ile timu ya zamani inaendelea kuulipa. Anayemchukua hulipa sehemu ya kima cha chini tu. Kima hicho mwaka 2024 kilikuwa dola 740,000 kwa msimu mzima. Whit Merrifield alikuwa na mkataba wa dola milioni 8 na Philadelphia. Alipoachwa, Braves walimpata kwa vipande vya kima cha chini wakati Albies yuko nje. Ramón Laureano naye alikuja kwa njia ya namna hiyo kutoka Cleveland, akapiga 0.296 kwa Braves. Austin Riley alipovunjwa mkono na mpira Agosti 18, 2024, wakamchukua Gio Urshela aliyekuwa ameachwa na Detroit. Urshela ndiye yule wa Yankees ya 2019, timu iliyoweka wachezaji 30 kwenye orodha ya majeruhi na bado ikashinda michezo 103, yeye akipiga 0.314 na homurani 21 akiziba besi ya 3. Mambo haya lazima yakamilike kabla Agosti haijaisha, kwa sababu anayejiunga na timu baada ya Agosti 31 haruhusiwi kucheza mchujo.

Kwa hiyo chipukizi au mkongwe? Natazama urefu wa jeraha. Wiki 2 hadi 4: mkongwe au mtu wa benchi, usimsumbue kijana. Miezi 2 na zaidi, na kuna kijana anayelinda vizuri nafasi ileile: kijana, acheze kila siku. Miezi 2 na zaidi bila kijana wa nafasi hiyo: mkongwe wa bei ndogo sasa, na soko la kubadilishana wachezaji la mwisho wa Julai baadaye. Kumgeuza shotistopu wa miaka 21 kuwa mlinzi wa uwanja wa nje huku akijifunza kupiga ligi kuu ni kumpa kazi mbili mpya kwa wakati mmoja, na ni kosa ambalo timu zenye haraka hulirudia.

Kwa warushaji kanuni ni tofauti kidogo, nitasema kwa ufupi. Spencer Strider alipofanyiwa upasuaji wa kiwiko Aprili 2024, vijana wawili walijaribiwa. Hurston Waldrep alirusha iningi 7 katika michezo 2 na kuruhusu mikimbio 13. Spencer Schwellenbach alianza michezo 21 na kumaliza na wastani wa mikimbio 3.35 kwa kila iningi 9. Silaha kuu ya Waldrep, splita, huanguka nje ya eneo. Wapigaji wa ligi kuu waliiacha ipite. Schwellenbach alikuwa na aina nyingi za mipira na aliitupa ndani ya eneo, akitoa besi za bure chache tu kwa iningi zaidi ya 123. Mkitaka kujua ni mrushaji gani kijana yuko tayari, tazameni straiki za ndani ya eneo kabla ya kasi. Waldrep mwenyewe alirudi 2025 na mchanganyiko mpana zaidi, akamaliza na 2.88.

Nyota anaporudi, karatasi isirudishwe ilivyokuwa kwa siku moja. Mpigaji anaruhusiwa kufanya majaribio ligi ndogo hadi siku 20, na timu nyingi humrudisha kabla hazijaisha. Majeraha ya mkono na kiganja hupona mfupa kabla ya nguvu, homurani hukawia. Albies aliporudi Septemba 2024, ingawa ni mpigaji wa pande zote mbili, alipiga upande wa kulia tu kwa sababu mkono haukuruhusu kushoto. Mtu wa namna hiyo aanze namba 6 au 7 kwa wiki moja. Wa msuli wa paja apewe siku za kupiga bila kulinda, kama nafasi hiyo iko wazi. Miaka ile Braves haikuwa wazi, Ozuna aliishika kila siku, na hiyo ilikuwa gharama ya kweli ya kuwa na mpigaji wa kudumu asiyelinda.

Kuhusu kumuuza aliyeanza vizuri: angalia Vaughn Grissom. Agosti 2022, Albies akiwa nje na Orlando Arcia naye akaumia, Grissom aliitwa kutoka Double-A. Alipiga homurani Boston siku ya kwanza na kumaliza na 0.291 katika michezo 41. Mwaka uliofuata alikosa nafasi ya shotistopu, glavu haikutosha, na besi ya 2 ilikuwa ya Albies. Desemba 2023 alipelekwa Boston kwa ajili ya mrushaji Chris Sale. Mwaka 2024 Sale alishinda michezo 18 na kupoteza 3, akapata tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora. Grissom, akisumbuliwa na paja, alipiga 0.190. Braves hawakumuuza Agosti ile homa ya mji ilipokuwa juu. Walisubiri mpaka mambo mawili yakawa wazi: kwamba nafasi yake halisi ina mwenyewe mwenye mkataba mrefu, na kwamba hawezi kupanda kwenye nafasi ngumu zaidi. Yakitimia yote mawili, uzeni hata kama anapiga 0.300. Likikosekana moja, kama ilivyokuwa kwa Harris ambaye uwanja wa kati ulikuwa wazi na glavu yake iliuweza, msimuuze. Harris walimpa mkataba wa miaka 8 na dola milioni 72 Agosti hiyohiyo ya 2022, chini ya miezi mitatu tangu apandishwe.